Vibano vya Chaja

Ripoti ya maabara ilikuwa na ukurasa mmoja tu, na Inspekta aliisoma akiwa amesimama, mkoba bado ukining'inia begani. Chaja ni nzima. Inveta ni nzima. Betri zote mbili ni nzima. Mashine ya oksijeni inafanya kazi kama kawaida. Chini kulikuwa na saini na muhuri mkubwa wa bluu.

"Kila kitu kizima," alimwambia Konstebo. "Aliyeharibika ni marehemu peke yake."

Konstebo hakucheka. Pale kituoni walimpachika jina la Pasi kwa sababu ya mikunjo ya suruali yake, iliyokuwa imenyooka kuliko rula, na alikuwa na tabia ya kusubiri mkubwa wake amalize hasira ndipo aseme la kwake. Safari hii alirudisha ripoti kwenye jalada, akalifunga, kisha akalifungua tena.

Kesi yenyewe, kwa kuisikia, ilikuwa nyepesi. Mama mmoja mtu mzima, mgonjwa wa mapafu, alikuwa akisafirishwa na watoto wake wawili kwenda hospitali kubwa upande wa pili wa nchi. Mwanawe wa kiume alikuwa mchora ramani, na kwa muda wake wa mapumziko alikuwa amenunua gari kuukuu la mizigo akaligeuza kampa: akatia kitanda, jiko dogo, friji, feni na mapazia. Binti, mdogo wake, alikuwa mshonaji wa sare za shule. Njiani walilala kwenye uwanja wa wasafiri kando ya barabara kuu. Mama alilala kitandani ndani ya kampa, mwana alijikunja kwenye viti vya mbele, na binti alipanga chumba pale pale uwanjani. Kulipokucha mama alikutwa amekufa, mpira wa oksijeni ungali puani, mashine kimya.

Daktari aliandika kwamba mama alikosa hewa. Mashine ilizimika kwa sababu betri iliyokuwa ikiiendesha ilikauka. Hilo nalo halikuwa na ubishi. Polisi wa kwanza kufika waliipima wakaikuta karibu haina kitu. Na hapo ndipo Inspekta alipokwama, akashindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma, kwa sababu betri hiyo ilikauka huku chaja ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa uwanja tangu jioni hadi asubuhi.

Alikuwa ameshapoteza siku nzima kwa mkodishaji wa mashine ya oksijeni. Ilibainika kwamba betri ya akiba iliyo ndani ya mashine hiyo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo isipokuwa imechomekwa mahali haipumui wala hailii kuomba msaada. Mkodishaji aliapa kwamba aliwaeleza hayo wateja wake kabla hawajaondoka, na mteja mwenyewe, yaani mchora ramani, hakukanusha. Ndiyo maana alifunga betri kubwa na inveta ya kugeuza umeme wake uwe kama wa nyumbani: umeme wa viwanja vya njiani hupanda na kushuka, na hakutaka mashine ya mama iungue. Umeme wa uwanja uliingia kwenye chaja, chaja ikajaza betri, betri ikaendesha mashine. Mpangilio ulikuwa mzuri, na mashine ilizimika.

Mshonaji hakuwa na shaka yoyote. Katika maelezo yake alisema kaka yake ndiye aliyemuua mama. Alikuwa amechoka kumuuguza, na njiani alisema kwa mdomo wake kwamba safari hii itawamaliza wote. Isitoshe, nyumba ya mama ilikuwa imeandikwa jina la kaka. Na kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi. Mlinzi wa uwanja alimwona kaka huyo alfajiri akishuka garini, akafungua boksi la betri pembeni mwa mlango, akainama humo kwa muda, ndipo akaenda kumgongea dada yake. Mama amelala maiti kitandani, na mwana anakimbilia betri kwanza.

Mchora ramani alipoulizwa alikuwa akifanya nini kwenye boksi, alisema hakumbuki. Alipoulizwa mara ya pili, akanyamaza. Tangu hapo alikuwa mahabusu, anakula, anasalimia, anashukuru akiletewa maji, na kuhusu boksi hasemi neno.

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha. Aliuliza maabara imesemaje. Inspekta akamwambia.

"Basi umebaki na mlinzi na dada mtu," Mkuu alisema. "Wanatosha. Kesho mchana kijana apandishwe kizimbani."

Inspekta alijibu kwamba akimpandisha kizimbani kesho, wakili wa kwanza atakayesimama atauliza jinsi gani mtu anaua kwa chaja nzima iliyofungwa kwenye betri nzima, na yeye hatakuwa na jibu. Mkuu alisema hayo ni ya wakili. Alitoka, na mlango haukufunga vizuri nyuma yake. Haukuwahi kufunga vizuri.

Inspekta alichukua ufunguo wa kampa ukutani.

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo, kati ya ukuta na pikipiki zilizokamatwa. Walifungua boksi la pembeni. Betri mbili zilikaa humo bega kwa bega. Moja ilikuwa ya kuwashia injini, na nyaya zake nene zilipita chini ya sakafu kuelekea mbele. Nyingine ilikuwa ya nyumba, kama walivyoiita: taa, friji, feni, na kupitia inveta, mashine ya mama. Gari likitembea, injini hujaza zote mbili. Injini ikizimwa, betri hizo hazijuani tena.

Juu ya betri hizo kulikuwa na rafu ndogo yenye chaja, boksi jeusi lisilozidi ukubwa wa tofali, lenye nyaya mbili zenye vibano, chekundu na cheusi, na taa moja usoni. Pasi alikuwa amesoma kijitabu chake chote wakati wa chakula. Alieleza kwamba chaja za zamani zilikuwa zinasukuma moto tu, ukizisahau zinachemsha betri mpaka inavimba. Hii ya kisasa inajiongoza yenyewe. Inaisikiliza betri: ikiwa na njaa inaipa kwa nguvu, ikikaribia kushiba inapunguza, ikishiba inaiacha na kuidokolea kidogo kidogo isishuke. Mtu anaweza kuifunga na kuiacha wiki nzima. Wakati wa kujaza taa huwa ya rangi ya machungwa, na betri ikijaa, ya kijani.

"Kwa hiyo si rahisi kuikosea," Inspekta alisema.

"Ukifuata kijitabu, afande."

Walirudia usiku ule kama ulivyokuwa. Walivuta waya kutoka dirisha la ofisi ya mapokezi, wakafunga vibano kwenye betri ya nyumba kama zilivyoonyesha picha za polisi, wakawasha inveta, wakawasha mashine ya oksijeni juu ya kitanda. Mashine ikaanza kuvuta na kutoa hewa, sauti yake kama ya mtu anayelala vizuri. Taa ya chaja ikawaka rangi ya machungwa. Inspekta aligeuza kreti la soda akalikalia.

Alitaka kuona betri ikikauka mbele ya macho yake. Alitaka taa ifanye kituko chochote, ipepese, izime, chaja inuke moshi. Haikufanya kitu. Asubuhi ikawa mchana, na taa ilibaki machungwa. Kisha ikazimika, na Inspekta akaruka kutoka kwenye kreti, akakimbilia dirishani, akagundua kwamba karani wa mapokezi amechomoa plagi ili achemshe maji ya chai.

Alichomoa birika mwenyewe, akachomeka chaja, akasimama pale mpaka karani akaomba radhi bila kuelewa kosa. Pasi aliweka karatasi juu ya soketi imeandikwa USIGUSE. Muda si mrefu umeme wa mtaa mzima ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Kila ulipokatika, betri ilibeba mashine peke yake. Kila uliporudi, chaja ilianza upya bila kuambiwa, na taa yake ya machungwa.

Jioni ilipokaribia Inspekta aliipima betri. Ilikuwa na nguvu kama ilivyoanza asubuhi. Mama huyo angeweza kulala pale wiki nzima.

"Nimekaa kwenye kreti siku nzima kuthibitisha kwamba hakufa," alisema.

Pasi alimletea chai iliyokwisha kupoa na jalada la maelezo, kwa kuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki. Inspekta aliyasoma upya hapo hapo kwenye kreti, bila kutafuta lolote, kama mtu anayekwaruza chungu kilichokwisha. Mlinzi alisema alipita kwenye kampa usiku mara kadhaa, taa ya chaja ilikuwa kijani, akajua kila kitu shwari. Mama wa mgahawa wa uwanja alisema alipokuwa anafunga aliona kijitaa cha kijani pembeni mwa gari. Mshonaji alisema kabla ya kulala alihakikisha chaja inafanya kazi, na kwamba ilikuwa kijani.

Inspekta aliinua macho akaitazama chaja mbele yake. Machungwa.

"Pasi. Leo imekuwa kijani mara ngapi?"

Pasi alifikiri. "Haijawa, afande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu betri haijashiba. Chaja inaipa, mashine inainyang'anya." Alisita. "Haiwezi kushiba wakati mashine inakula."

"Na usiku ule ilikuwa kijani kuanzia wakati wa kulala."

Hakumngoja ajibu. Aliinuka, akatoa vibano kwenye betri ya nyumba, akavibana kwenye betri ya injini, ambayo haikuwa na mzigo wowote. Taa ikawaka machungwa. Hawakumaliza hata kubishana kama waite fundi, taa ikageuka kijani, ikatulia hivyo, na nyuma ya pazia mashine ya oksijeni ikaendelea kula akiba ya betri ya nyumba iliyokuwa imeachwa bila mlishaji.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Chaja ilikuwa nzima usiku kucha, ikiilisha betri nyingine. Watu watatu walipita wakaona kijani wakaenda zao kwa amani, na kijani ndicho kilichopaswa kuwashtua. Na kwa kuwa picha za polisi zilionyesha vibano vikiwa kwenye betri ya nyumba, basi kuna mtu alivirudisha kabla polisi hawajafika.

"Alfajiri," Pasi alisema. "Ndiyo maana aliinama kwenye boksi. Tumempata, afande."

Mchora ramani aliletwa chumba cha mahojiano akiwa amevaa viatu visivyo na kamba, kama mahabusu wote. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole virefu, na alikaa akivitazama vidole hivyo. Inspekta alimweleza mambo ya taa, polepole, kama anamsimulia mtoto. Alipofika kwenye vibano vilivyohamishwa, mtu yule alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi," alisema. "Nilivihamisha jioni. Asubuhi nikavirudisha."

Pasi alianza kuandika haraka.

Inspekta aliuliza kwa nini alivihamisha. Mchora ramani alisema alitaka mama yake afe. Aliuliza kwa nini alivirudisha. Alisema alitaka kuficha. Majibu yalikuja bila kusita, yakiwa yamenyooka, na Inspekta, ambaye kwa muda wote huo alikuwa akimbembeleza mtu huyu aseme hata neno moja, alijikuta akikasirika kuliko alipokuwa amenyamaza.

"Wewe ndiye uliyelijenga gari hili?"

"Ndiyo."

"Kila waya?"

"Kila waya."

"Basi nisaidie. Ungetaka mashine izimike, ungechomoa plagi ya chaja, ukasema umeme wa uwanja ulikatika. Nani angekubishia? Au ungelegeza waya mmoja wa inveta." Aliegemea mbele. "Mtu anayetaka kuua anachomoa. Anayehamisha vibano kutoka betri moja kwenda nyingine, huyo anataka kuchaji. Nani alitaka gari liwake asubuhi?"

Mchora ramani alirudi kutazama vidole vyake. Inspekta aliuliza tena, kisha tena kwa maneno mengine, na alichopata ni kile kile alichokuwa amekisema mtu yule: ni mimi, andikeni, nitatia saini. Pasi aliacha kalamu hewani. Inspekta alimwambia mahabusu arudishwe, asisaini kitu.

Asubuhi yake walikwenda uwanja wa wasafiri. Mkuu alishapiga simu kabla hawajatoka barabara ya kituo, akitaka kujua kwa nini mtu aliyekiri hajaandikiwa mashtaka. Inspekta alisema mtandao unasumbua, akakata.

Uwanja ulikuwa na nguzo za umeme zilizopakwa rangi ya njano, vyumba vya kupanga vilivyopangana kama mabehewa, mgahawa, na mabafu nyuma. Mlinzi alikuwa mzee mchangamfu ambaye kila mtu alimwita Tochi. Alishatoa maelezo kwa polisi mara tatu na alionekana yuko tayari kutoa ya nne. Alianza na alfajiri, jinsi jamaa alivyoshuka, jinsi alivyoinama.

Inspekta alimkatiza. Alisema hataki alfajiri, anataka jioni iliyotangulia. Je, kuna mtu yeyote aliyelifungua boksi lile jioni?

"Ndiyo," mlinzi alisema. "Yule dada yao."

Lori lilipita barabarani.

"Mzee wangu," Inspekta alisema kwa sauti ya chini, "umeandika maelezo mara tatu. Mbona hukusema?"

"Mliniuliza asubuhi, mwanangu. Kila aliyekuja aliniuliza asubuhi." Aliona uso wa Inspekta, akaongeza kwa unyenyekevu kwamba hakuliona kuwa jambo baya. Kaka mtu alikuwa ameshamaliza kufunga chaja yake, akaenda kuoga. Yule dada akaja kuazima tochi, akafungua boksi, akashughulika humo, akarudisha tochi na kushukuru. Alikuwa na furaha. Alisema jana yake gari liligoma kuwaka njiani, wakasaidiwa na dereva wa lori, mama akiwa ndani, na kwamba kesho hawawezi kuchelewa kwa daktari. Alisema sasa amelitengeneza.

Pasi alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akiitazama nguzo ya njano.

"Na kaka alipotoka kuoga?"

Mlinzi alisema alipitia mlango wa upande wa dereva moja kwa moja. Aliendesha siku nzima; alionekana hata kutembea kunamshinda.

Waliporudi kituoni, Inspekta hakupitia ofisini. Alikwenda mahabusu, akaomba afunguliwe, akakaa kwenye benchi kando ya mchora ramani. Alisema tu kwamba jioni ile mdogo wake aliazima tochi ya mlinzi akafungua boksi, na mtu yule akafunga macho.

Kisha akasema yote, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. Alfajiri aliamshwa na ukimya. Alimgusa mama, akajua. Akatoka kwenda kwenye boksi kwa sababu hakuelewa, na alipofungua akaona vibano viko kwenye betri ya injini, na kwenye kibano chekundu umenasa uzi mweupe, uzi wa kushonea. Mdogo wake siku zote ana vipande vya uzi kwenye nguo. Hakufikiri. Aliutoa uzi, akavirudisha vibano, akaenda kumgongea.

Inspekta alimuuliza kama anajua kwamba mdogo wake huyo ndiye aliyemwita muuaji mbele ya polisi.

"Anatafuta wa kumlaumu," mchora ramani alisema. "Akinilaumu mimi ataishi. Akijua ni yeye, hataishi. Namfahamu." Kisha akasema kwamba yeye ndiye aliyejua taa ile inasema nini. Mdogo wake hakuwahi kuelezwa kwamba kuna betri ya hewa ya mama. Aliona waya umetoka kwenye nguzo, akadhani mashine inakula umeme wa nguzo. Yeye angezunguka tu upande wa pili akaitazama taa mara moja kabla ya kulala, angejua. Hakuzunguka. "Kwa hiyo nilichokiri si uongo wote, afande. Niandike mimi. Nakuomba."

Inspekta alisema hawezi kumfunga mtu kwa kosa la kutozunguka gari. Mchora ramani alimshika mkono, jambo ambalo mahabusu haruhusiwi, na askari wa mlangoni akapiga hatua. Inspekta alimwashiria askari abaki alipo.

"Usimwambie," mtu yule alisema.

"Sina haja ya kumwambia. Nitamuuliza tu."

Mshonaji alikuwa mapokezi tangu asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba kaka yake amekiri, na alitaka kujua ni lini atapelekwa mahakamani. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho yaliyovimba, na kwenye bega la blauzi yake kulikuwa na vipande vya uzi ambavyo hakuviona. Inspekta alimpeleka ofisini mwake, akamvutia kiti, akahakikisha mlango umefunga, safari hii kwa kuuegemezea kiti kingine.

Alikuwa ameandaa maswali. Aliyaacha. Alimuuliza tu jioni ile alifanya nini baada ya chakula.

Mshonaji alijibu bila wasiwasi, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Alisema alimlisha mama uji, akamfuta uso, akamfunika. Halafu akakumbuka habari ya gari kugoma. Alikuwa amemwona dereva wa lori aliyewasaidia akiunga waya zake kwenye ile betri yenye nyaya nene, kwa hiyo alijua ndiyo iliyochoka. Alipofungua boksi akakuta kaka yake amefunga chaja kwenye betri nyingine, ile ya friji. Alikasirika kidogo, maana friji ina umuhimu gani mbele ya daktari aliyesubiriwa miezi yote ile. Akahamisha vibano. Taa ilianza rangi nyingine, baadaye alipochungulia ikawa kijani. Akaingia ndani kumwambia mama alale bila wasiwasi, kesho gari litawaka.

"Mama akasemaje?"

"Akasema asante mwanangu." Mshonaji alifuta jicho. "Mbona unaniuliza mambo ya friji?"

Pasi, aliyekuwa amesimama dirishani, aliinamisha kichwa.

"Afande, mbona unaniuliza?"

Alimtazama Inspekta, akamtazama Pasi, kisha akawa kama anasikiliza kitu kilicho mbali. Midomo yake ilisogea. Aliuliza, kwa sauti ndogo sana, mashine ya mama ilikuwa imechomekwa wapi.

Inspekta alimjibu. Alimwambia kwa maneno machache, bila kuzungusha, kwa kuwa hakuona njia ya kuyafanya yawe laini. Mshonaji hakulia. Alikaa na mikono miwili juu ya mapaja, viganja juu, akiitazama.

"Kaka anajua?"

"Alijua tangu alfajiri ile."

"Na mimi nilisimama pale nikawaambia watu..." Hakumaliza.

Mkuu wa kituo alipoelezwa, alikuwa mkali. Alitaka kujua sasa aandike nani. Inspekta alisema jalada litaandikwa ajali na litapelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na maelezo ya siku nzima ya kreti, na yeyote mwenye shaka aje aifunge chaja mwenyewe. Mkuu alisema kazi ya siku zote hizo imekwenda bure. Inspekta alikubali kwamba ndivyo. Alikuwa amechoka sana kubishana, na kwa kweli angelala vizuri zaidi kama angempata mtu mbaya mahali fulani ndani ya kesi ile. Alimtafuta tangu mwanzo, na hakuwepo.

Mchora ramani aliachiliwa kupitia kaunta ya mapokezi. Askari alimrudishia saa, mkanda, simu, na kamba za viatu zilizoviringishwa ndani ya bahasha. Alijaribu kuzitia kwenye viatu akiwa amesimama, kamba zikamponyoka mara mbili.

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua kama ataingia au ataondoka. Kisha alikuja, akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, akaokota kamba, akailamba ncha kama anavyofanya na uzi, akaanza kuipenyeza tundu moja baada ya jingine. Kaka yake alimwambia anyanyuke. Hakunyanyuka. Alifunga kiatu cha kulia, akafunga cha kushoto, na alipomaliza hakuweza kuinua kichwa, akabaki ameshika vile viatu viwili kwa mikono yake, na kaka yake akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akakiacha hapo.

Karani wa mapokezi, akiwa na birika mkononi, alifikia soketi, akawaona, akaliweka chini taratibu.